Zamu Yangu ya Kuwa Mama wa Shule

Enzi zetu mtu hakumaliza shule kwa kuvaa joho na kupigwa picha. Tulimaliza kwa kulea. Wenzangu mliosomea msituni wakati wa vita vya kumng'oa Mreno, upande ule wa Mbau, kaskazini mwa Msumbiji, mnajua ninachosema. Vijana wa leo wakinisikia wanadhani bibi ameanza kuchanganya mambo.

Shule yetu ilijificha chini ya miti minene ili ndege za Wareno zisituone. Tulikalia magogo. Chaki yetu ilikuwa kipande cha muhogo mkavu, kwa hiyo ilipotea kila mara, na Mwalimu Terezia alijua imepotelea tumboni mwa nani. Mimi nilikuwa mtoto wa pwani, wa Quiterajo, nimekimbilia huko na mama. Wenzangu wengi walikuwa Wamakonde wa uwanda wa juu. Walinicheka kwa kulilia samaki, nami niliwacheka kwa kuogopa pweza ambaye hata hawajamwona.

Darasa la nne ndilo lilikuwa la mwisho. Waliofuzu walivuka Ruvuma kwenda sekondari Tanzania, na mimi nilitamani kuvuka kuliko chakula. Lakini mtihani wa hesabu haukutosha. Mwalimu Terezia, mwembamba, mkali, mwenye kucheka kwa mabega bila sauti, alituambia, "Kusoma mnajua. Mkitoka hapa mtaishi na watu vipi?" Basi kila anayemaliza alipewa zamu ya kuwa mama au baba wa shule kwa siku nzima. Chakula, maji, wadogo, vyote juu yake. Jioni wale aliowalea ndio waliosema kama avuke au abaki.

Sasa, moto uliwashwa alfajiri tu, ukazimwa kabla jua halijachomoza, maana moshi wa mchana ungeita mabomu. Kwa hiyo mahindi yalitwangwa jioni. Na waliotwanga ni sisi wasichana, kila siku, mpaka viganja vikawa vigumu kama nyayo. Wavulana walishatoka jandoni, wanaume wazima. Kinara wao alikuwa Atanasi, kijana mrefu mwenye maringo, aliyepita karibu na kinu kama anapita karibu na siafu.

Zamu yangu ilipofika nikamwomba atwange. Akanijibu kwa upole kabisa, "Dada, mi nshatoka jandoni. Kinu si changu."

Sikugombana naye. Nikagawa mahindi makavu, kila mtu fungu lake mkononi. Ya wadogo nikayatwanga mwenyewe. Wasichana wakatwanga yao huku wakininong'oneza, "Wewe mwana, kesho hao hao ndio watakaokusema." Nilijua. Lakini viganja vilikuwa vinauma.

Alfajiri tukapika, tukala, tukazima. Wavulana wakaamka kwa raha zao, kama kawaida, wakakuta majivu na mahindi yao yanawasubiri. Atanasi akaanza kupekecha moto. Mwalimu Terezia akaumwagia mchanga, akaendelea na safari yake. Siku ile somo la hesabu lilisindikizwa na mlio wa punje ngumu kutafunwa, kru, kru, na mabega ya Mwalimu hayakutulia mpaka mchana.

Jioni tukakaa. Mama yangu alikuwa amekuja kusikiliza, ameshika ncha ya kanga yake kama anashika roho yangu. Mvulana wa kwanza akasema, "Ametushindisha na njaa. Abaki." Wa pili vile vile. Nikaanza kuiona Ruvuma inapanuka machoni pangu. Akasimama Atanasi, taya limevimba kwa kutafuna.

"Njaa nimeiona," akasema. "Ila mahindi alinipa. Mikono ninayo. Mwacheni avuke." Kisha akaenda kwenye kinu, mbele ya wote, akashika mchi.

Alitwanga kama mtu anayeua nyoka. Nusu ya mahindi iliruka nje, na kuku wa Mwalimu hawajasahau karamu ile. Tulicheka mpaka wavulana wenyewe wakacheka, wakaenda kumsaidia, na neno la mimi kubaki halikurudiwa.

Siku ya kuondoka, Atanasi alinipa kifuko cha unga alioutwanga mwenyewe. Yeye hakuvuka, alibaki kubeba mizigo ya wapiganaji, na sikumwona tena. Tulisonga ugali wake njiani. Ulijaa pumba, ulikwaruza koo, nami niliula huku nalia na kucheka.

Majuzi mjukuu wangu Amade amemaliza desima segunda, darasa la kumi na mbili. Joho, keki, picha mpaka simu ikajaa. Alikuwa anakwenda mjini Nampula kusoma, akapange chumba peke yake. Nikamuuliza atakula nini. Akasema, "Vovó," ndivyo anavyoniita bibi yake kwa Kireno, "huko kila kitu kinauzwa." Mtoto wa miaka yote hiyo ya shule, na hakuna aliyewahi kumkabidhi hata sufuria.

Nikamburuta mpaka uani, nikampa mchi. Alilalamika, akapiga picha malengelenge yake, akawatumia rafiki zake. Lakini alitwanga, na unga wake nikamfungia aende nao. Kuku wangu walishiba siku ile.

Jana amenipigia kutoka Nampula. "Vovó," akasema, "unga ule una pumba." Nikamwambia ale tu. Kisha nikakata simu haraka, nisije nikamlilia mtoto wa watu masikioni.