Radhi Niliyoombwa Stoo

Nilikwenda kumzika mume wangu kwa niaba ya shule.

Habari ya kifo ilinifikia kama ilivyowafikia walimu wenzangu, kwenye kundi letu la simu, asubuhi nikichemsha chai. Picha yake amevaa kofia ya jua, amesimama kwenye tope la mikoko, na chini yake maneno kwamba taifa limempoteza mwanasayansi. Wenzangu wakafuatisha vikatuni vya machozi. Mimi nilizima jiko, nikakaa, nikazisoma pole zao moja moja, kisha na mimi nikaandika innalillahi kama mtu baki. Baadaye mkuu wa shule akapiga simu. Alisema lazima tuwakilishwe msibani, na kwa vile ni mimi niliyemleta profesa kuzungumza na wanafunzi, basi niongoze wenzangu. Nikamjibu sawa, mkuu.

Ni kweli, nilimleta mimi. Nafundisha baiolojia, na zamani hizo nilimwandikia mwaliko bila kutegemea jibu, maana alikuwa mtu wa televisheni na mikutano ya nje. Akaja. Alizungumzia mikoko, jinsi inavyokunywa maji ya chumvi na kuishi, na wale wanafunzi wa viti vya nyuma ambao kwangu husinzia kila kipindi, siku hiyo walikaa macho. Baada ya hapo akawa ananipigia simu. Nilikuwa nimeachika, sina mtoto, nimepanga Mabawa. Sikuwa msichana wa kurubuniwa, na hapo ndipo panaponiuma, kwamba nilidanganyika nikiwa na akili zangu timamu.

Hakunitaka kihuni, nimpe haki yake. Alitaka ndoa. Tulifungishwa Moa, alikokuwa na vitalu vyake vya miche, ndani ya nyumba ya baba yangu mdogo aliyekuwa walii wangu, mbele ya majirani wawili waliokula kiapo cha kufunga midomo. Bwana harusi alikuwa na tope kwenye pindo la suruali. Baba mdogo, Mungu amrehemu, alimwuliza kwa nini jambo la halali lifanywe kwa kificho, wakati dini imemruhusu na uwezo anao.

"Tuiweke ndani kwa ndani kwanza, mzee wangu," alisema, kwa upole wake ule ule wa televisheni. "Nitaitoa mwenyewe."

Hiyo kwanza yake niliibeba mpaka nikaota mvi.

Sababu niliijua. Alikuwa na mke Chumbageni, mtu wa ukoo na heshima zake, na watu walimjua profesa kwa mambo mawili, mikoko na mke mmoja. Siku moja walimu tulikuwa tunakunywa chai, televisheni imewashwa, naye anahojiwa. Mtangazaji alimwuliza siri ya mafanikio yake. Akasema mkoko haubanduki, unashika tope lake hapo hapo, na mwanamume naye awe hivyo. Mimi, alisema, ni mume wa mke mmoja. Walimu wa kike wakashusha pumzi, mmoja akasema wanaume wa namna hiyo wamekwisha. Lile shati alilovaa nilikuwa nimelipiga pasi mimi, jana yake.

Alipokuja nikamwuliza. Akacheka, akaniambia hayo ni maneno ya televisheni tu, na mimi ni msomi, nisijitie unyonge.

Kwa mke mkubwa zamu yangu iliitwa utafiti. Siku alizokuwa kwangu alihesabika yuko Moa, kwenye matope. Na ili uongo ukae vizuri, alikuja na viatu vyake vya mpira vimetapakaa tope, akaviweka barazani, akaniomba nisivisafishe, maana vilitakiwa vifike Chumbageni hivyo hivyo. Mimi ambaye siwezi kuona sufuria yenye masizi nikalala, nilikuwa nafagia kuvizunguka. Tope likikauka linamomonyoka sakafuni, nazoa, viatu naviacha. Niliwahi kumwona akivichovya kwenye maji ya dimbwi la uani kwangu kabla ya kuondoka, ili tope lionekane la siku hiyo. Mtu aliyezunguka dunia nzima kufundisha ukweli wa sayansi.

Lakini nilimpenda. Sitaki kuandika kana kwamba nilifungwa kamba. Alipenda bamia zangu. Alinisaidia kusahihisha madaftari, akawapa watoto maksi za bure mpaka nikamnyang'anya kalamu. Akilala mchana alishika ncha ya kanga yangu, mtu mzima yule, nami nikakaa bila kutikisika, nyama inaungulia jikoni. Nilimpenda, na nilitaka jambo moja tu, siku moja mbele ya watu niitwe mke wake. Sikutaka hata kijiko cha nyumba ya Chumbageni.

Alipougua akalazwa, nilikwenda saa za kuona wagonjwa. Kitanda kilikuwa kimezungukwa na watu wake. Aliniona. Akageuza uso ukutani, nami nikapita kama ninayemtafuta mgonjwa mwingine, mpaka mwisho wa wodi, nikatokea mlango wa pili. Ni dada yake peke yake aliyenifuata kwa macho.

Basi siku ya mazishi nikafika Chumbageni na walimu wenzangu, wanaume wakabaki nje chini ya maturubai, sisi tukaingia ndani. Mke mwenzangu alikuwa ameketi kwenye godoro katikati ya chumba, kajifunika kanga nyeupe, wanawake wamemzunguka. Nilimpa mkono. Akaniambia ahsante, mwalimu, profesa aliipenda sana shule yenu. Nikakosa pa kuuweka uso, nikatoka uani walikokuwa wanapika, nikapewa kisu na beseni la vitunguu. Nashukuru vilikuwa vitunguu, kwa kuwa hakuna aliyeniuliza ninalia nini.

Kwetu maiti haondoki mpaka mjane aulizwe kama amemwia radhi mumewe. Nilisikia huko ndani kelele zinakatika, sauti ya mama mmoja inauliza, na mwenzangu anajibu kwamba amemsamehe, duniani na akhera. Wanawake wakaitikia, kilio kikaanza upya. Nje kwenye kipaza sauti mtu mmoja mkubwa alikuwa anawaeleza watu wa kamera kwamba marehemu alikuwa mfano, mume wa mke mmoja. Niliendelea kumenya.

Ndipo dada yake akatokea uani. Mbele ya wapishi akaniita mwalimu, akaniomba nikamsaidie jambo. Aliniingiza stoo, kati ya magunia ya mchele na masufuria ya kukodi, akaurudisha mlango.

"Wifi," akasema.

Nilikuwa sijawahi kuitwa hivyo na mtu wa ukoo ule. Nikaketi juu ya gunia. Akanieleza kwa kunong'ona kwamba kaka yake alimwambia kila kitu hospitalini, siku za mwisho, na alimshika mkono akamwapisha, asiinuliwe kabla mimi sijamwia radhi. Alikuwa analia kweli, sikumwona mnafiki.

"Sema tu umemsamehe, wifi yangu. Nikisikia mimi yatosha."

"Mwenzangu mmemwulizia wapi?"

Akaelekeza kidevu chumbani.

"Na mimi niulizeni pale pale," nikamwambia. "Neno moja tu. Nitajibu kama alivyojibu yeye, kisha nitaondoka na walimu wenzangu, hamtaniona tena."

Akasema haiwezekani, watoto hawajui, kamera ziko mlangoni, mke mkubwa ana presha. Akasema leo si siku ya jambo hilo. Nikamwuliza siku yake ni ipi, maana nimeingoja muda mrefu. Akaniambia nisimtese maiti. Nikamjibu mimi sijamgusa, nimekaa juu ya mchele.

Nje wanaume walianza tahlili. Dada yake alifungua mlango, akasimama kizingitini, mdogo wake wa kiume akamwuliza kwa mbali kama wanaweza kuinua. Nilikuwa nyuma yake, nilisikia kila kitu.

"Inueni," alisema. "Radhi zote zimetolewa."

Jeneza likatoka. Nikabaki stoo na harufu ya magunia, nikisikia sauti zinakwenda zinapungua kuelekea makaburini, na hasira iliyonipanda sijawahi kuipata tena. Ndoa yangu ilikuwa imefichwa. Sasa na msamaha wangu nao walikuwa wameutoa wenyewe, bila mimi kufungua kinywa.

Jumatatu nilikuwa darasani. Mjane wa siri hana likizo, na eda yangu niliikalia kwa kadiri nilivyoweza, sikujipaka wanja wala manukato, shuleni nikitoka naenda moja kwa moja nyumbani. Mwalimu mmoja akanitania kwamba siku hizi nimekuwa mtawa. Siku hizo hizo nilifundisha mada ya mikoko, picha yake ipo kwenye kitabu, na mwanafunzi mmoja akataka kujua kama ni kweli nilimfahamu. Nikamjibu kwamba alikuja hapa shuleni mara moja.

Mke mkubwa alipotoka eda, nyumba ya Chumbageni ilijaa watu, shughuli ikapigwa picha. Siku chache baadaye dada yake akaja Mabawa. Bajaji ilimshusha mbali, akazunguka nyumba, akanigongea mlango wa uani. Alikuwa amekonda. Alisema hapati usingizi, kila akifumba macho anamwona kaka yake amesimama kwenye tope, limemfika magotini, anamtazama bila kusema. Akanishika miguu. Akaniita wifi mara nyingi kuliko nilivyoweza kuvumilia, humo jikoni kwangu, dirisha amelifunga mwenyewe ili majirani wasisikie.

Nilimwinua. Nilimpa chai, na mkate wa kumimina uliobaki asubuhi. Nilimhurumia, sitaficha, na yule mwanamume nilimhurumia pia. Neno lenyewe lilikuwa limenifika mdomoni. Kisha nikalitazama lile dirisha lililofungwa.

"Nitamwia radhi, wifi," nikamwambia. "Ila tuiweke ndani kwa ndani kwanza."