Aliyezitia Gundi Ndege za Bushra

Saa mbili asubuhi, sokoni Tulia, Kitui, Bushra Abdulkadir ameshika pasi ndogo mkono mmoja na bawa la ndege mkono wa pili. Bawa lenyewe ni fupi kuliko mkono wake. Amelivika plastiki nyembamba, anapitisha pasi polepole, na mikunjo inapotea.

"Ukizidisha moto, ubao unapinda," anasema bila kuinua macho.

Bushra, 41, ametengeneza ndege za mfano za kufundishia kwa miaka tisa. Anachojivunia zaidi ni vile vipande vya nyuma ya bawa na mkia, vinavyopinda ili ndege ipande, ishuke au igeuke. Huviunga kwa uzi, kwa mshono aliofunzwa na mamake, fundi cherehani wa soko hilo hilo. Mkia mmoja humla siku mbili.

Sasa sikiliza kilichompata. Mwezi uliopita alipeleka ndege sita katika shule moja ya upili Kikima, Makueni. Mtunza stoo akashika mikia, akaona inacheza, akadhani imelegea. Akazitia gundi zote, kila kiungo! Somo lilipofika, hakuna kilichopinda. Mwalimu wa fizikia, Kiema, akampigia Bushra simu, akimwita kwa jina la bintiye.

"Mama Najma, ndege zako zimekauka. Kamati ya shule imeambia wanafunzi hujui kazi. Tutatafuta fundi Nairobi."

"Zimekauka? Kwani ni samaki?" Bushra anakumbuka alivyomjibu. "Nilienda mwenyewe, nikakuta gundi imejaa kwa mishono. Aki niliskia uchungu! Mtu anaharibu, halafu anayetukanwa ni mimi!"

Ana kila haki ya kufoka. Mtunza stoo amekiri, anasema alikuwa anasaidia. Msaada gani huo? Nayo kamati, badala ya kuona haya, inasema gundi ni jambo dogo. Dogo kwa nani? Sasa lazima Bushra avue plastiki, akate nyuzi, aanze upya.

Mwalimu Kiema, ambaye sasa anamtetea, amemwombea nafasi mbele ya kamati Ijumaa. Bushra hataki kikao cha ofisini.

"Nataka darasani. Nitaweka ndege mbili mezani, yenye gundi na yangu isiyo na gundi, kila mtoto ajaribu kupinda mkia. Kisha kamati iniombe msamaha hapo hapo. Kunitukana walinitukana mbele ya watoto."