Hatua za Oliva

Hilari, fundi simu wa Lyamkena pale Makambako, alikuwa na siri ndani ya droo ya meza yake, na siri yenyewe ni gemu la watoto. Usicheke. Ni lile la kukunja, lenye vioo viwili, alilolipata kwenye mitumba likiwa bovu akalifufua. Michezo hakuwa na habari nayo. Alichopenda ni programu ya kuchorea aliyoiweka mwenyewe kwa kadi ya memori, ambayo haikutoka kiwandani. Wapenzi wa gemu waliitengeneza majumbani kwao wakaigawa bure. Unachora kwa kikalamu kwenye kioo cha chini, unafungua ukurasa mwingine, na picha ya kwanza inabaki ikionekana kwa mbali ili uchore ya pili ikiwa imesogea kidogo. Ukimaliza unabonyeza, mchoro unatembea.

Alitaka kumtembeza mke wake.

Oliva alifariki miaka mitatu iliyopita. Hawakujaliwa mtoto, na picha yake iliyobaki ni moja tu, ya studio ya Njombe, ameketi, mikono magotini. Simu alizotengeneza Hilari zilijaa video za harusi za watu; yeye hakuwahi kumrekodi mkewe hata mara moja. Fundi bwana! Sasa nyumba ilikuwa kimya, hata akawa anawasha redio kabla ya kuvua koti. Alikuwa mpweke, basi. Alitaka kumwona Oliva akitembea, hata kwa sekunde nne, kabla kumbukumbu haijamtoka.

Wateja wakiadimika, alichora. Kilemba, kitenge, debe la viazi kichwani, vyote vilikubali. Miguu ikagoma. Kila akibonyeza, yule mwanamke alitembea kwa maringo yasiyo yake, au alitembea kama Hilari mwenyewe, bega moja juu. Alifuta, akachora, akafuta. Mwezi wa tatu wa kufuta ndipo alipojiuliza swali lililomfanya aweke kikalamu chini: hivi Oliva alitembeaje?

Hakujua. Miaka kumi na tisa walikwenda pamoja shambani, kanisani, mnadani, na siku zote mume mbele, mke nyuma na mzigo, kama walivyowaona wazazi wao. Nyayo zake alizijua kwa masikio tu. Aliona aibu, aibu hasa ya mtu mzima.

Jumamosi alifunga kibanda, akapanda gari mpaka Kichiwa kwa Anneth, dada mkubwa wa Oliva. Hawakuwa wameonana tangu msiba.

"Kamwene, shemeji," Anneth alimsalimu, akimsogezea kigoda. "Umepotea mno."

"Kamwene, dada. Nimekuja na swali la kijinga." Akamwonyesha mchoro. "Oliva alikuwa anatembeaje?"

Anneth aliangalia kioo, kisha akamwangalia yeye. "Si wewe uliyekuwa unatembea naye?"

"Nilikuwa mbele."

Anneth hakumcheka, ingawa alikuwa na haki.

"Akiwa peke yake, hatua zake fupi, haraka haraka," alisema. "Ila nyuma yako alibadilika. Masika, mkija huku kwetu, njia ya bondeni ikiwa tope tupu, alikuwa anakanyaga ulipokanyaga wewe, asiteleze na debe. Wewe una miguu mirefu, yeye mfupi. Basi anajinyoosha, anajirusha, anajinyoosha tena. Sisi huku tunacheka! Nikamwambia, mwambie mumeo apunguze hatua. Akasema, 'Mwache, iko siku atageuka ataona mwenyewe.'"

Hilari alifungua ukurasa mpya. Hakumchora Oliva kwanza. Alichora alama za viatu vyake mwenyewe, mbali mbali, kisha ukurasa baada ya ukurasa akaweka mguu mdogo ndani ya kila alama. Chai aliyopewa ikapoa. Alipobonyeza, mwanamke mfupi mwenye debe alikuja akijirusha, shingo imetulia, sekunde nne.

"Huyo ndiye," Anneth alisema, akajifuta macho kwa kanga.

Mvua ilikuwa imenyesha. Hilari alikataa kusindikizwa, akaishika njia ya kwenda barabarani, gemu likiwa mfukoni. Baada ya mwendo kidogo alijikuta anapunguza hatua, akiziweka karibu karibu, ili mtu mfupi azifikie bila taabu. Alikwenda hivyo hadi bondeni. Hapo akasimama, akageuka.

Njia ilikuwa tupu, na kwenye tope zilikuwapo alama za viatu vyake tu.