Majiko Langoni

Binti yangu alikuwa na filimbi kifuani. Ndivyo alivyoiita mwenyewe, kabla hatujaambiwa kliniki kwamba ni pumu. Siku za hewa nzuri filimbi ililala. Jioni, mtaa wetu wa Kangemi ukianza kupika, iliamka.

Niliishia darasa la saba, kwa hivyo naeleza kama nilivyoelewa: njia za hewa kifuani mwake zilikuwa nyepesi kukasirika. Moshi ukizigusa zinavimba na kujibana, na mtoto anavuta pumzi kama anayenyonya uji mzito kwa mrija wa soda.

Kila Jumamosi nilienda naye Muthangari, nilikofua nguo za watu. Alijilaza chini ya miti nyuma ya nyumba, shuka zikipepea juu yake, akalala usingizi usio na sauti. Nilifua nikisikiliza ule ukimya. Siku moja aliamka akaniambia, "Mama, huku hewa inaingia yenyewe."

Kwetu haikuingia yenyewe. Ploti yetu, yaani vyumba vya kupanga ndani ya ua mmoja, ni milango inayotazamana, na kila mama aliwasha jiko la makaa mlangoni pake. Moshi ulijaa ujiani, ukaja chumbani kwetu kama mgeni anayejua njia. Nilifunga mlango, nikaziba chini kwa kitambaa, nikampa pampu yake ya dawa ya kuvuta kupitia chupa ya plastiki kama nilivyoonyeshwa. Jioni moja kufunga hakukutosha. Nikatoka kuwaomba majirani wawashie majiko langoni, karibu na barabara, wayalete ndani makaa yakishakuwa mekundu.

"Kwani huyo wako ni mtoto wa gavana?" jirani mmoja akauliza. "Ugali wangu utembee mpaka langoni?"

Mama mzee wa mlango wa kwanza, ambaye sote tulimwita kukhu, yaani nyanya, alikuwa akipepea jiko lake la chapati. Binti yangu akachungulia nyuma yangu.

"Kukhu, mimi niliomba chapati," akasema, akipumzika kati ya maneno. "Moshi sikuomba."

Kukhu akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akainua jiko lake akalipeleka langoni. Kesho yake wakawa wawili. Mvua zilipoanza, hata yule wa gavana alikuwa langoni, akinung'unika. Giza likiingia niliwatazama wakirudi mmoja mmoja, moto mwekundu ukielea usawa wa magoti yao, na chumbani filimbi imelala.

Binti yangu alifariki wakati wa baridi, mwezi wa saba. Takataka zilikuwa zikichomwa kule bondeni, na magari yalikuwa yamekwama Waiyaki Way yakinguruma. Sijui ni moshi upi. Sitamsingizia mtu. Pampu haikusaidia. Tulifika hospitali akiwa bado amenishika kidole.

Tulimzika kijijini kwetu, magharibi mwa nchi. Jioni ya kwanza niliporudi Kangemi, nilipanga makaa kwenye jiko mlangoni pangu, nikachukua kiberiti. Kukhu akapita na jiko lake.

"Unawashia hapo?"

"Hayupo, kukhu."

"Najua hayupo," akasema, bila kusimama. "Njoo."

Nikainua langu nikamfuata. Pale langoni wengine walikuwa wameshainama, wakipepea. Yule wa gavana alisogeza jiko lake kwa mguu, akaniachia nafasi.