Ukurasa wa Kaa Uliobaki Sandukuni

Nakumbuka siku moja, mwanangu, katika ile miaka ya tisini, binti wa kaka yangu aliingia nyumbani kwetu Kuze na kitabu cha shule mkononi. "Shangazi, tazama kaa wenu!"

Alikuwa wetu kweli. Gando moja kubwa, jingine limekatika, na mguuni uzi mwekundu.

Uzi ule niliuchomoa mimi kwenye upindo wa leso yangu. Mume wangu Shee alikuwa hachori mnyama asiyemuona, basi nilimletea kaa kutoka mikokoni, nikamfunga kwenye tendegu la kitanda mpaka achorwe. Tulikuwa tukitengeneza vitabu vya watoto: popo, kima, kunguru, miti ya pwani. Hadithi nilisema mimi, mwenye darasa la nne tu. Picha na maandishi yake. Kila kitabu majina mawili. Hiki kilikuwa na moja: Badi Mselem.

Badi alikuwa na duka la vinyago Ndia Kuu. Huko nyuma alikula wali wetu, akaniita dada, akachukua kurasa zetu. "Siku tatu tu, nimuonyeshe mchapishaji." Ukurasa wa mwisho rangi ilikuwa haijakauka, ukabaki. Jirani yetu Bi Rukia akauliza, "Mumeandikiana?"

"Ee Bi Rukia, mtu amekula kwangu, nimtolee karatasi?"

"Haya. Wali hautii sahihi, mwanangu."

Basi siku ile ya kitabu cha shule nikamwendea Badi dukani. Hata hakusimama.

"Dada, mimi mwizi? Shee alinipa kitabu kizima kwa mkono wake, akaniachia. Kwani hakukwambia? Basi hamuambiani mengi."

Neno lile nikaondoka nalo. Njia nzima najiambia, kikulacho ki nguoni mwako. Nikakumbuka kila alasiri aliyochelewa Shee. Nilipofika nikafungua sanduku lake, nikapekua kanzu mfuko kwa mfuko. Chini kabisa nikaukuta ukurasa wa mwisho: uzi umekatwa, kaa anaingia shimoni mwake. Na majina yetu, langu mbele.

Kitabu cha Badi kilikwisha kaa angali kafungwa. Kama Shee alitoa kitabu kizima, huu wafanya nini hapa?

"Watafuta nini?" Shee, mlangoni.

Kanzu yake bado ninayo mkononi. Nikamwambia maneno ya Badi. Akaichukua kanzu yake mkononi mwangu.

"Badi ulimuuliza mwenyewe. Mimi umeuliza nguo zangu."

Hakuniacha. Lakini brashi hajaishika tena mpaka leo, na ukurasa ule alikataa tuupeleke popote. Badi aliiba kitabu kimoja. Vile ambavyo havikuchorwa, nimeviua mimi Mwanaidi.

Basi sikia. Kazi ya mikono yako usiitoe bila maandishi, hata kwa anayekuita dada; mwenye nia safi hachukii karatasi. Mimi hata sasa mtu akisifu kazi yangu namtazama mikono. Na mtu akikutia shaka juu ya wa nyumbani kwako, mtazame kwanza yeye: anapata nini? Kisha muulize mwenzio uso kwa uso, kabla mkono wako haujafika mfukoni mwake.

Mungu akupe mwenza wa kuandika naye jina, na akukinge na ulimi unaopenya kati ya majina mawili. Amin.