Niliijua Ndoo ya Bibi, Nikanyamaza

Admin, nifichie jina na hospitali, maana huku Newala tunajuana hadi kwa mlio wa viatu. Mimi ni mama wa miaka 46, mkunga, mzaliwa wa Chiwata. Nimezalisha miaka ishirini na miwili, na mabinti niliowapokea mimi mwenyewe sasa wanakuja kujifungulia mikononi mwangu.

Mwaka juzi tuliletewa muuguzi mkunga kijana, nimwite Subira, katokea Kanda ya Ziwa. Ana heshima, kila asubuhi "shikamoo mama". Tatizo lake ana akili. Ule mwongozo mnene wa mama anayevuja damu baada ya kujifungua, ambao kwetu ulikuwa chakula cha mende kabatini, yeye kausoma wote, kautolea ukurasa mmoja wa ukutani: pima damu inayotoka kwa mfuko wenye alama unaotandikwa chini ya mzazi, ikifika mstari huu ita msaada, choma sindano, tundika dripu, na nani afanye nini. Mganga mfawidhi akamsifu mbele yetu wote. Wageni wakija wanaonyeshwa "karatasi ya Subira". Mimi na miaka yangu yote, hakuna hata msumari unaoitwa kwa jina langu. Niliona wivu jamani, wivu wa kukosa hamu ya kula.

Kabla haijabandikwa, mfawidhi aliuliza kikaoni, "Kuna mwenye nyongeza?" Nilikuwa nayo. Bibi wengi wanaosindikiza wazazi huku hukusanya kanga zilizolowa harakaharaka na kuzifunika ndooni, kwa kuwa damu ya uzazi si ya kuonwa na kila jicho. Kwa hiyo mfuko ungepima nusu, nusu nyingine iko chini ya kitanda. Mgeni angelijuaje hilo? Nikajisemea, si ndiye msomi, atajua mwenyewe. Nikajibu, "Sina."

Mwezi uliopita kaja binti wa uzazi wa kwanza, zamu ya Subira. Nilipita tu kuchukua glavu. Damu mfukoni ilikuwa haijafika mstarini, Subira katulia anajaza fomu, lakini midomo ya mzazi ilikuwa imepauka. Nikainama kuivuta ndoo. Bibi yake akanidaka mkono.

"Mwanangu, iache. Hiyo si ya kutazamwa."

Nikafunua. Kanga nne, zote chapachapa. Nikapiga kelele, tukaifuata ile karatasi hatua kwa hatua, na kusema kweli ndiyo iliyotuongoza. Binti yu hai, na mtoto wake ananyonya vizuri, ila alichungulia kaburi.

Sasa mimi ndiye shujaa. Mfawidhi ameagiza karatasi ichapwe upya, iongezwe "kagua ndoo", na jina langu litangulie la Subira. Subira mwenyewe amelia kifuani kwangu: "Mama, bila wewe ningeua mtu. Kazi hii siiwezi." Ameandika barua ya kuacha kazi, ataipeleka Jumatatu.

Jina nililolitamani nimelipata, na sina raha nalo. Nikisema ukweli, heshima yangu yote inakwenda, pengine na kazi. Nikinyamaza, wodi inampoteza mkunga mzuri kwa kosa ambalo ni langu. Leo asubuhi kaniamkia kama kawaida, macho yamemvimba, na nimeshindwa kuitikia marahaba. Jumatatu ni keshokutwa. Nitukaneni mkitaka, lakini mnishauri, nifanye nini?