Vigingi vya Baba Mkwe

Miaka ya hamsini, nilipopewa kazi ya ualimu katika kijiji kimoja cha ukingo wa Tana, mwendo wa asubuhi moja kutoka Garsen, nilikuwa na vitu viwili vya kujivunia: cheti changu na daftari la karatasi za miraba. Nilikuwa na kiburi cha mtu aliyesoma juzi, na hasira zangu zilikuwa karibu. Watoto walijua kwamba mwalimu akianza kukuna sikio, wakae mbali.

Nilikuwa pia nimempenda binti wa fundi mjenzi wa kijiji. Wazee wangu walipanda mtumbwi kutoka kwetu Kau wakapeleka posa, wakarudi na jibu moja tu: tutaongea. Subira yavuta heri, mama akaniambia. Mimi subira sikuzaliwa nayo.

Mwezi huohuo kijiji kilikuwa kinajenga darasa jipya la kuezekwa kwa mabati, la kwanza pale. Mabati yalifika Garsen kwa lori, yakavushwa kwa mitumbwi, na watu wakawa wanapita kuyagonga kwa vidole wasikie yanavyolia. Fundi alikuwa amekwisha kupigilia vigingi vinne, futi ishirini na tano kila upande. Nguzo zingechimbiwa Jumamosi.

Jumatano nikatoa wanafunzi wangu wakubwa nje. Nilitaka waone kwamba hesabu si mambo ya ubaoni tu. Kigingi cha kwanza tukakiita sifuri, sifuri. Kila kigingi kingine tungekipa nambari mbili: ya kwanza ni futi ngapi unakwenda sambamba na mto, ya pili ni futi ngapi unapanda kuelekea bara, kwa pembe mraba. Jibu nililijua kabla hatujaanza. Kigingi cha pili kingekuwa ishirini na tano, sifuri, na kile kilicho juu ya cha kwanza kingekuwa sifuri, ishirini na tano.

Cha pili kikatoka sawasawa. Cha juu, wanafunzi wakaniletea saba, ishirini na nne.

Nikakuna sikio. Nikawaambia wamepima kama watu wanaosinzia, warudie. Wakarudia, ikawa saba, ishirini na nne. Nikapima mwenyewe, magoti yakiwa matopeni, nikapata hiyohiyo. Kigingi cha nne kikawa thelathini na mbili, ishirini na nne.

Tukaingia ndani, tukavitia vigingi kwenye karatasi ya miraba. Saba mara saba, arobaini na tisa. Ishirini na nne mara ishirini na nne, mia tano sabini na sita. Jumlisha, mia sita ishirini na tano, na kipeuo chake cha pili ni ishirini na tano. Pande zote nne zikatoka ishirini na tano kamili. Darasa likafurahi. "Mzee yuko sawa, mwalimu," wakasema.

Kisha tukatafuta ulalo, yaani urefu wa kukata katikati, kona kwa kona. Kutoka kigingi cha kwanza hadi cha nne, futi arobaini. Kutoka cha pili hadi kile kilicho juu ya cha kwanza, futi thelathini. Chumba cha mraba kingetoa urefu mmoja pande zote mbili. Hiki kilikuwa kimelala upande.

"Sasa mwalimu, nani atamwambia?" msichana mmoja akauliza.

Kosa lilikotoka niliona mara moja nilipotazama dirishani. Pale kila shamba ni ukanda unaoanzia mtoni kwenda bara, na kwa kuwa mto unapinda hapo, mipaka yote imeelemea upande mmoja tangu enzi za mababu. Fundi alifuata mto, halafu akafuata mpaka wa shamba lake lililopakana na shule. Kwa macho ya kijiji kizima hiyo ndiyo ilikuwa nyoofu. Kuta za udongo na paa la makuti zingemsamehe. Bati halipindi kwa ajili ya mtu.

Niliogopa, nasema kweli. Nikisema, namwaibisha mtu ambaye posa yangu iko mkononi mwake. Nikinyamaza, mabati yatakataa kukaa mbele ya watu wote, na aibu itakuwa kubwa zaidi, yake na yangu. Alhamisi nzima nilifundisha nyimbo.

Ijumaa nikamkuta binti yake anatoka mtoni na mtungi. Nikamweleza. Akanitazama kama mtu anayemtazama mbuzi aliyeingia jikoni.

"Na ulitaka kwenda kumwambia kwa maneno?"

"Kwa hesabu."

"Baba yangu hasikii mdomo. Mpe kamba ashike mwenyewe."

Jioni ile nikaenda na kamba ya miaa. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Umekuja kuona kazi?"

"Nimekuja kuomba unishikie kamba, kona kwa kona."

Akashika ncha moja, mimi nyingine. Tukapiga fundo pale kamba ilipofika kigingini. Tukahamia kona zile nyingine, na kamba ikalegea ikalala chini. Akaikaza. Akarudi kona za kwanza, akarudi tena za pili. Akapima pande zote nne, akakuta zimelingana. Kisha akachuchumaa, akatazama mto, akatazama mpaka wa shamba lake.

"Mto umenichezea," akasema. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu, nami nikacheka kwa kupona. Nikamwambia urefu unaotakiwa ni futi thelathini na tano na kidogo. Hakuhitaji. Aling'oa vigingi viwili vya juu, akavisogeza huku na huku, kamba ya upande mkononi, hadi fundo moja likaenea kona zote. Mimi nilikuwa bado natafuta kalamu.

Jumamosi nguzo zikachimbiwa. Wiki iliyofuata mabati yakakaa bila kukatwa hata ukingo, na mvua ya kwanza ilipopiga juu yake watoto wakapiga kelele za furaha hadi nikaahirisha somo. Sikukuna sikio.

Wazee wangu wakarudi kusikiliza jibu. Fundi akaniita niketi mbele yao.

"Watoto wameniambia mlipima Jumatano," akasema. "Wewe umekuja Ijumaa. Siku mbili ulikuwa wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya ukoo na ya dini. "Nilikuwa naogopa kumkosa binti yako," nikasema.

Wazee wangu wakainamisha vichwa. Yeye akanitazama, akatikisa kichwa polepole. "Basi utamwoa. Lakini siku mbili ni nyingi, mwanangu. Siku nyingine njoo siku hiyohiyo."

Leo tuna wajukuu. Kila nikirudi nyumbani na neno ninalolibana moyoni, mke wangu haniulizi kuna nini. Ananiwekea chai, anaketi, anasema, "Haya, hii ni siku ya kwanza au ya pili?" Nami nasema.